Bweri, Mlango wa Nyuma wa Musoma

Ndugu zangu, nina deni la muda mrefu la kuandika kuhusu Musoma, na kila nikianza naishia stendi. Si utani. Ukienda Musoma kwa basi, uwe umetokea Dar, Arusha au Mwanza, unashushwa Bweri. Hapo ndipo ilipo stendi kuu. Unashuka miguu imevimba, vijana wa bodaboda wamekuzunguka kama nyuki, mmoja ameshika begi lako kabla hujamjibu, mwingine anakuita "mura" kama vile mlicheza wote utotoni. Mahindi ya kuchoma, soda, vocha, mama ntilie, vumbi. Dakika kumi baadaye umeshapanda kitu na umeondoka. Bweri umeiona, lakini hukuiangalia.

Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi tu. Safari moja bodaboda niliyeagana naye alichelewa, nikabaki pale na begi langu zaidi ya saa nzima. Swali la kipuuzi likanijia: kwa nini mji uliojengwa juu ya ulimi wa ardhi unaoingia ziwani, mji unaoweza kuliona jua likichomoza juu ya maji na kuzama juu ya maji siku hiyohiyo, unampokea mgeni wake mahali ambapo hata harufu ya ziwa haifiki?

Jibu lake ni historia nzima ya mji ule, na ndiyo ninayotaka kuwasimulia leo.

Tuanze na jina. Wenyeji wa pale, Wakwaya, Waruri na Wajita, hulieleza jina Musoma kwa neno "omusoma", maana yake rasi, yaani nchi kavu iliyochongoka kuingia majini. Jina lenyewe, kwa hiyo, linautazama mji kutoka ziwani. Mtu anayekuja kwa barabara haoni rasi yoyote, anaona nyumba na mabati. Anayeiona rasi ni yule aliye kwenye mtumbwi, anayetafuta pa kutia nanga.

Na kwa miaka mingi watu walikuja hivyo. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na kuanzia hapo meli zikaanza kulizunguka ziwa zikiokota pamba, ngozi, samli, barua na watu. Musoma ilikuwa moja ya bandari zao. Upande wa Tanganyika, tawi la reli kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928. Hebu chora ramani hiyo kichwani. Mtu wa Musoma wa miaka ile akitaka kwenda mbali alitelemka ufukweni, akapanda meli, akachagua: kaskazini Kisumu, kusini Mwanza. Barabara ilikuwa ya kwenda shamba. Mlango wa mbele wa nyumba ulikuwa maji, na huku Bweri kulikuwa uani.

Sasa naomba tusimame kidogo katika mwaka 1934. Nikipewa nafasi ya kuchagua mwaka mmoja wa kuishi Musoma, ningeuchagua huo.

Mwaka huo, Wamennonite kutoka Marekani walifika upande wa mashariki wa ziwa na kujenga kituo chao cha kwanza Shirati. Muda si mrefu wakawa wamefika Bukiroba, nje kidogo ya Musoma, na kanisa lao lipo pale hadi leo. Watu hawa dini yao inakataza kushika silaha, nao wakajikuta jirani na Wakurya! (Ndugu zangu wa Tarime mnisamehe, natania.) Upande wa Katoliki, White Fathers walikuwa Nyegina tangu 1911. Huko ndani, Buhemba na Kiabakari, miaka ya thelathini ilikuwa ya dhahabu. Wazungu waliopigwa na mdororo wa uchumi wa dunia walikuwa wanachimba, na vijana wa Mara waliotafuta fedha ya kodi waliteremka mashimoni. Mjini kulikuwa na maduka ya Wahindi na Waarabu, boma la serikali, na meli ikipiga honi.

Na kulikuwa na shule Mwisenge. Ilikuwa shule ya bweni ya serikali, karibu na ziwa, ambamo wakubwa wa wilaya walitaka hasa watoto wa machifu wapate kusoma.

Mwaka huo aliandikishwa mtoto wa miaka 12 kutoka Butiama, mtoto wa Chifu Nyerere Burito kwa mke wake wa tano, Mugaya. Jina lake Kambarage. Kambarage ni jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa siku aliyozaliwa mvua ilimwagika. Baba yake naye alikuwa na jina la namna hiyohiyo: "nyerere" kwa Kizanaki ni wale viwavi wanaovamia mazao, naye alizaliwa mwaka wa viwavi. Wazanaki, kama mnavyoona, wanaandika historia yao katika majina ya watoto.

Kutoka Butiama hadi Musoma ni maili 26, kilomita arobaini na kitu. Simulizi inayojulikana zaidi ni kwamba alizitembea. Mimi nimepita njia hiyo kwa gari tu, sina ushujaa wa kujisifia, lakini hata kwenye gari unaona jinsi nchi inavyoshuka. Butiama ipo juu, penye upepo, vilima na majabali yaliyobebana. Halafu unateremka kidogo kidogo, mihogo, mtama, pamba, ng'ombe wanavuka barabara bila haraka, majabali mengine, na mbele kabisa mstari wa rangi ya chuma ambao mgeni anadhani ni wingu. Ni ziwa. Mtoto wa mlimani, anayejua Kizanaki tu, anautazama mstari ule kwa mara ya kwanza, na huko mbele anakwenda kufundishwa Kiswahili.

Ndiyo, Kiswahili alikipata Musoma. Huwa nashangaa tunavyoipita habari hii haraka. Yule aliyekuja kutafsiri Julius Caesar na The Merchant of Venice za Shakespeare, na kuandika sehemu za Biblia kwa tenzi, alianza kuunda sentensi zake za Kiswahili darasani Mwisenge akiwa na miaka 12. Wenzetu wa pwani wana haki yao ya kusema lugha ni yao. Ila Musoma nayo ina risiti.

Alimaliza kwa miaka mitatu masomo ya miaka minne, na mwaka 1937 akaenda Tabora. Njia ya kwenda Tabora wakati ule mmeshaijua: meli hadi Mwanza, kisha treni.

Haya, tugeukie Butiama kidogo, kwa kuwa wengi wenu mtakaokwenda Musoma mtakuwa mnakwenda Butiama. Kila Oktoba, ikikaribia tarehe 14, magari yanapita Makutano, njia panda ya barabara ya Mwanza na Sirari, yanaelekea Mwitongo kwenye kaburi. Watu wanapiga picha, wanasaini kitabu, wanaondoka. Makumbusho ya pale yalifunguliwa Julai 1999, miezi michache kabla Mwalimu hajafariki. Alizikwa tarehe 23 Oktoba mwaka huohuo. Kuna nyumba aliyojengewa na jeshi, na humo aliishi siku chache tu kabla ya kwenda London kutibiwa, asirudi akiwa hai.

Mwitongo maana yake ni mahali palipokuwa na kaya zamani. Wengine wangesema mahameni. Mimi pale kilichonishika kuliko vyote hakikuwa ndani ya makumbusho. Ni msitu wa Muhunda, ulio jirani. Ni msitu mdogo, unaweza kuupita ukidhani ni kichaka kilichosahaulika, kumbe ni mahali patakatifu pa Wazanaki, penye mzimu wao, na miti haikatwi ovyo. Kabla ya Wajerumani Wazanaki hawakuwa na machifu wa kukaa kwenye kiti. Waliongozwa na rika, wazee, na watu wenye uwezo wa mvua. Uchifu uliletwa na serikali ya kikoloni iliyotaka mtu mmoja wa kumuuliza kodi iko wapi. Burito alipewa uchifu huo, mwanawe akapata shule kwa ajili ya uchifu huo, na mwaka 1963 serikali ya mwanawe ikaufuta uchifu nchi nzima. Msitu umebaki. Nadhani ukitaka kujua kipi kilikuwa na mizizi na kipi kilipandikizwa, hapo pana jibu.

Lakini nilisema nina hoja na Musoma, na hoja yenyewe ni hii: tumeiachia Butiama kazi ya kukumbuka, mjini tukabaki na kazi ya kupita. Hata Mwalimu mwenyewe ana kipande kikubwa cha maisha kilichopita Musoma na jirani yake. Alibatizwa Nyegina, Desemba 1943, mwaka mmoja na miezi baada ya baba yake kufariki, ndipo akaitwa Julius. Ndoa yake na Mama Maria ilifungwa Musoma, tarehe 24 Januari 1953. Mwaka 1955, alipolazimika kuchagua kati ya ualimu wa Pugu na TANU, aliacha kazi, akarudi nyumbani hana mshahara, na kwa muda akawa anawafundisha mapadre Wamarekani wa Maryknoll Kizanaki na kuwasaidia kutafsiri Injili kwa lugha hiyo. Hebu fikirieni. Rais wa TANU, mtu ambaye miezi michache kabla alizungumza Umoja wa Mataifa kule New York, amekaa Musoma anamrekebisha padre matamshi. Kipande hiki cha maisha yake nakipenda kuliko hotuba zote.

Halafu kuna Azimio. Tukisema Azimio kila mtu anajibu Arusha. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, na hapo likatoka Azimio la Musoma. Ndilo lililosogeza mpango wa elimu ya msingi kwa wote ukamilike mwaka 1977, wakati mipango ya awali iliuweka mwishoni mwa miaka ya themanini. Ndilo pia lililosema kijana aliyemaliza kidato cha sita asiende moja kwa moja chuo kikuu. Apite JKT, akafanye kazi, apate barua ya kazini na ya chama, ndipo aende. Kama baba yako alifika Mlimani akiwa mtu mzima mwenye ndevu na mke, muulize kisa chake. Kama mama yako alifundishwa darasa la kwanza chini ya mwembe na kijana aliyemaliza la saba jana yake, kisa ni hichohicho. Wapo wanaolisifu kwa kufungua milango, wapo wanaolilaumu kwa darasa la watoto mia moja na mwalimu asiye na chaki. Nadhani wote wana haki. Ninachojua ni kwamba nilisoma shule za nchi hii tangu chekechea, na jina la Musoma sikuwahi kulisikia likihusishwa na dawati nililokalia.

Na hata siasa za karibuni zimejifunza kupita bila kusimama. Machi 2008 Halmashauri Kuu ya CCM ilikwenda kukutana Butiama, Zanzibar ikiwa mezani. Ilikwenda Butiama, siyo Musoma. Mwelekeo umehama.

Ulihamaje? Meli. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka ukafungwa, vyombo vikagawanywa, na njia ya kulizunguka ziwa ikakatika vipande. Mji uliokuwa kituo katika duara ukawa mwisho wa barabara. Miaka ya baadaye lami ikaja, na lami haiji kwa majini. Mabasi yakawa mengi, katikati ya mji pakabana, stendi ikatolewa nje, Bweri. Hakuna aliyekaa akaamua mji ugeuke. Uligeuka kama mtu anavyogeuka usingizini. Kiwanda cha nguo cha MUTEX, kilichoanza kwa matumaini makubwa, kilikuja kusimama. Reli ya Tanga, Arusha hadi Musoma imezungumzwa na serikali moja baada ya nyingine, na mpaka naandika haya treni haijafika. Ikija siku moja, bandari itaamka. Mimi sishiki pumzi.

Baada ya kuwaza yote hayo pale stendi, bodaboda wangu akaja na samahani zake, na badala ya kumwambia anipeleke nilikokuwa nakwenda, nikamwambia anipeleke mpaka mwisho wa mji, mpaka maji yatakapomzuia. Alicheka. Tulipita Mukendo na maduka yake, yale ya zamani yenye varanda, tukatokea Mwigobero.

Mwigobero ndiyo Musoma ya zamani ambayo haijaambiwa kwamba wakati wake umekwisha. Mwalo na soko. Boti za Kinesi, ng'ambo ya ghuba, zinaingia na kutoka zikiwa na watu, mbuzi, magunia, pikipiki imelazwa kama mgonjwa. Dagaa wametandazwa. Utasikia Kijita, Kijaluo, Kisimbiti na Kikurya katika bei ya samaki mmoja, na wote wakimalizia kwa Kiswahili kile cha Kanda ya Ziwa kisicho na haraka ya kubembeleza. Nilikula sato na ugali wa udaga. Anayewaambia udaga unanuka hajawahi kuula na samaki wa asubuhi.

Kutoka hapo tukazunguka rasi hadi kwenye majabali ya ufukweni. Sijui niyaelezeje. Ni mawe makubwa kuliko nyumba, ya mviringo, yamepangwa moja juu ya jingine kama mtu aliyekuwa anacheza halafu akaitwa kula. Kenge wamelala juu yake wanaota jua, korongo na mnandi wamesimama pembeni. Maji yanapiga taratibu. Nilikaa hadi jua likazama, na sitajaribu kulielezea jua hilo, kila mtu ana simu yenye kamera.

Siku ya kuondoka ndipo nilipoona kitu kilichonifanya niandike haya leo badala ya mwakani. Tukirudi Bweri alfajiri, nje kidogo ya barabara, kulikuwa na jabali la aina ileile, limekatwa nusu. Chini yake kuna akina mama wamekaa chini ya vivuli vya magunia, nyundo mkononi, kila mmoja na chungu yake ya kokoto. Nilimwomba bodaboda asimame. Mama mmoja wa umri wa mama yangu aliniitikia shikamoo yangu bila kuacha kupiga. Akaniuliza nahitaji tripu ngapi. Nikasema sijengi, nimekuja kutazama tu. Akanitazama kwa huruma.

Tulizungumza kidogo. Kwanza wanawasha moto juu ya jabali mpaka lipasuke, akaniambia, halafu vijana wanavunja mapande, halafu wao. Watoto wake wamesoma kwa jiwe lile. Aliponyoosha nyundo kuonyesha upande wa pili, akasema mawe yalikuwa yanafika kule, akitaja mti ambao kwangu ulionekana mbali sana.

Sikuwa na la kumwambia. Nimeandika hapa kuhusu urithi, nimetaja majabali kwa mahaba, na nyumba niliyolala usiku ule ilikuwa na msingi wa kokoto. Mji wa Musoma ulikuwa na watu 134,327 katika sensa ya 2012, na kwa sensa ya 2022 umeongezeka tena. Watu hao wote watajenga. Hakuna tangazo la "usivunje jiwe" litakalomlipia yule mama ada, wala sijui ni nani atakayekaa chini aamue jabali lipi ni la mama na lipi ni la mandhari. Ila najua msitu wa Muhunda uliokolewa na watu walioamua zamani kwamba hapa hatukati, na hawakuwa na bajeti.

Nilinunua chai kwenye chupa yake, nikamwachia na chenji, akaniombea safari njema kwa lugha ambayo sikuielewa. Bweri palikuwa pameshachangamka, makondakta wanaita Mwanza, Mwanza, Mwanza. Nilichagua kiti cha dirishani, upande niliodhani ungeniwezesha kuliaga ziwa. Basi likageuza, likaelekea Makutano, na ziwa sikuliona.